Jina Lisiloitwa

Lugano Mwaijande hakukaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alisimama karibu na sinki, ameufunika mdomo kwa ncha ya khanga kama mtu anayeumwa jino. Tupokigwe alikuwa akizifuta sindano za almasi za mashine yake. Alipoona mwanamke huyo hasemi, akadhani amekuja kulalamika kwamba jino alilomwekea bado liko juu kuliko mengine.

"Linakuumiza ukitafuna?" akamwuliza.

"Haliniumizi, dada Tupo. Linanifungulia milango."

Tupokigwe akaiweka sindano mezani.

Lugano akaeleza akiwa amesimama vilevile. Jana jioni alikwenda kwenye ghala la mbegu kuomba fungu lake la vichipukizi vya migomba. Kama desturi, aling'ata kibao cha ukutani ili ghala lijue ni nani aliyefika, kisha akatulia kumsubiri mlinzi, Asegelile, aje kumfungulia. Kung'ata ndiyo hodi ya pale. Mkulima aking'ata, jina lake hutokea juu ya kibao na taa ya manjano huwaka, basi. Lakini jana taa iliwaka kijani, mlango ukateleza pembeni wenyewe, na hewa safi ya ndani ikampiga usoni. Aliita, hakuna aliyeitika. Akaingia hatua chache, akaona rafu za chupa zenye vichipukizi, na hofu ikamshika kana kwamba ameingia chumbani mwa wakwe zake. Akatoka mbio. Mlango haukujifunga nyuma yake.

"Usiku kucha ulikuwa wazi," alisema. "Asubuhi wamekuta kuvu limeingia kwenye chupa zote. Na mlango unasema aliyefungua ni Asegelile."

Tupokigwe alijua habari hiyo. Rungwe nzima iliijua kabla uji haujapoa. Migomba ya zamani ilikuwa imekufa kwa mnyauko, na chupa zile ndizo zilizokuwa migomba ya kesho. Ambacho hakukijua ni hiki anachoambiwa sasa, na hata hicho mwili wake ulikijua kabla ya akili.

Akamwomba Lugano akae na afungue mdomo. Akapitisha kamera ndogo juu ya jino la chini, upande wa kulia, lile ambalo kila mtu mzima nchini huliita jino la shahidi. Zamani watu walitambulika kwa sura na kwa alama za vidole, mpaka mashine zilipojifunza kuigiza sura na vidole vya mtu yeyote, hata vya marehemu. Ndipo nchi ikakimbilia ng'ato. Jino moja la kila mtu liliandikishwa, vilele na mabonde yake, na likawa ndilo linalomshuhudia. Likivunjika, fundi hulivika kofia mpya na kuiandikisha.

Picha ikajitokeza kwenye kompyuta. Tupokigwe akaiweka juu ya mchoro wa jino la Lugano alioutengeneza mwenyewe. Havikulingana. Akavuta mchoro mwingine, wa mtu aliyetangulia kuhudumiwa, akauweka juu ya picha hiyo. Vilele vikakaa juu ya vilele, na kile kibonde chembamba cha nyuma, alichokichora kwa mkono wake kwa sababu mwenye jino alisema chakula humnasa hapo, kikakaa mahali pake.

Lilikuwa jino la Asegelile.

"Ni nini?" Lugano akauliza, mdomo bado wazi nusu.

Tupokigwe akaizima skrini.

"Usimwambie mtu bado," akasema. "Tuombe kwanza."

Wakapiga magoti kwenye sakafu ya karakana, kati ya kiti na tanuri. Tupokigwe aliomba vizuri, alijua kuomba. Alimkumbusha Mungu rehema zake, akamwombea Asegelile faraja, akaombea ghala, akaombea hekima. Lugano alilia kidogo, akaitikia amina kila ilipostahili. Alipoondoka alikuwa mwepesi, amemtwika mwenzake mzigo. Tupokigwe alibaki amepiga magoti, na maombi yale mazuri yakamkaa mdomoni kama majivu.

*

Mashine yake ilikuwa ya zamani. Mijini kulikuwa na mashine mpya ambazo ni kitu kimoja: hupiga picha mdomo, huchora jino, hulichonga na kuliandikisha bila mkono wa mtu kupita katikati. Ya Tupokigwe haikuwa hivyo. Kuchora kulifanyika kwenye kompyuta, kwa programu iliyotengenezwa na watu wengine kabisa. Mchoro ukikamilika aliunakili kwenye flashi, akaibeba mpaka kwenye mashine upande wa pili wa chumba, akaichomeka na kuchagua jina kwenye kioo kidogo. Kisha akafunga kipande cha udongo mweupe, laini kama chaki, na kuandika namba iliyochapwa juu yake, maana kipande hicho huchongwa kikiwa kikubwa kuliko jino, halafu husinyaa kikichomwa tanurini. Ukikosea namba, jino hubana au hupwaya.

Mwalimu Gwamaka, aliyewafundisha ufundi huo katika madarasa ya jioni pale kanisani, Tupokigwe akiwa tayari mama mtu mzima anayesinzia juu ya daftari, alizoea kuwaambia kwamba kompyuta na mashine havijuani. "Hawa wawili hawajawahi kuonana," alisema. "Mshenga ni wewe. Ukipeleka posa nyumba isiyo yake, usilaumu mtu." Ndiyo maana aliwawekea desturi. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, fundi husoma jina lililo kwenye kioo cha mashine kwa sauti, na mwenye jino, aliye kitini, huitika: "Ndimi." Pasipo kuitikiwa, hakuna kubonyeza.

Kwa Lugano, Tupokigwe hakuita jina.

Ilikuwa Jumatano ya mfungo. Kina mama walikuwa wameshaanza kuimba kanisani, sauti zao zikishuka na ukungu mpaka dirishani, na yeye ndiye aliyepangiwa kuongoza sala ya kufungua. Alimruhusu Lugano aende kupumzika, akachomeka flashi haraka haraka, na haikuingia mpaka mwisho. Mashine ile, isipoona flashi, haigomi. Huuliza tu kama irudie kazi ya mwisho. Aliona neno "endelea", akabonyeza, akachukua Biblia yake na kutoka.

Aliporudi, jino lilikuwa limeshachongwa; akalichoma tanurini, likapoa. Alipolijaribu halikukaa. Lilikataa upande mmoja, likayumba upande wa pili. Fundi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba jino linaloyumba hivyo halikosi namba, linakosa mwenyewe. Tupokigwe alijiambia kwamba ni namba. Vipande vilikuwa haba, na Lugano alikuwa na safari ya kwenda kumuuguza mama yake Kyela. Akachukua kinoo, akalikwangua kwa ndani kidogo kidogo mpaka likakubali. Juu hakugusa, maana juu palionekana pazuri. Kisha akatuma kwenye uandikishaji mchoro wa Lugano, ule ambao haukuwahi kuchongwa. Kitabu cha nchi kikawa na jino moja, mdomo ukawa na lingine. Lugano akakaa Kyela mpaka mama yake alipopona. Tangu aliporudi, ghala ndilo lilikuwa mlango wake wa kwanza wa ng'ato.

Je, alijua siku ile? Hili ndilo swali alilolikwepa. Alikuwa amejua kiasi cha kutotaka kutazama zaidi.

*

Asegelile Mwandemele alikuja karakana mchana, siku moja baada ya Lugano. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezoea kuinama kwenye milango, lakini siku hiyo alikuwa ameinama hata pasipo na mlango. Kwenye mashine ya kusaga mahindi walikuwa wamempisha foleni nzima, akiwa na debe lake, ili tu wasisimame naye. Mtu mmoja alimwuliza kama aliwauzia watu wa nje mbegu hizo kwa kilo au kwa chupa. Mkewe alikuwa hajasema neno lolote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kuambiwa.

"Mama Fundi," akasema, "jino hili umelichonga wewe. Mimi sina elimu ya mambo haya. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Kuna namna jino likasema uongo?"

Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yake. Lilikuwa linatakiwa neno moja tu. Tupokigwe alitazama mikono ya yule mtu, iliyokuwa imetulia magotini kama ya mtoto anayesubiri sindano.

"Nitaangalia," akasema.

"Ndaga," Asegelile akamshukuru, akainuka. "Mwenyekiti amesema wataling'oa kesho kutwa. Amesema wewe ndiye utakayeling'oa. Nikafurahi kidogo. Mkono wako si mzito."

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mwakifwamba, alikuja baadaye kuthibitisha. Alikuwa mtu mwenye haki, na ndiyo maana alikuja na masharti. Asiye na jino la shahidi hafunguliwi zahanati, hapigi kura, hapewi mbegu, na hata kwenye daraja la mto lenye kizuizi husimama upande wa pili mpaka mtu amwonee huruma. Hawezi kumfanyia mtu hivyo, alisema, bila fundi kusimama mbele ya watu na kuapa kwamba jino hilo halina pacha. Akamwuliza Tupokigwe kama ana shaka yoyote.

Tupokigwe akajibu kwamba ataomba juu ya jambo hilo. Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa heshima, akasema laiti kila fundi angekuwa mcha Mungu kama yeye. Akaenda zake.

Tupokigwe alifunga mlango wa karakana, akapiga magoti palepale alipopiga na Lugano. Safari hii maneno hayakuja. Kila alipoanza "Bwana, unajua," alisikia kwamba ni kweli, Bwana anajua, na kwamba anayemweleza si Bwana bali yeye mwenyewe, akijitetea. Angesema nini? Kwamba akisema kweli wataichukua mashine, na wazee wa kijiji hawatakuwa na pa kwenda? Ilikuwa kweli. Alikuwa na picha ya kila mmoja wao kichwani, Bibi Tusekile na meno yake mawili, na yule mpiga tarumbeta wa kwaya aliyerudishiwa tabasamu. Hoja ilikuwa nzuri sana, na uzuri wake ndio uliomtia hofu. Alikuwa amewaweka wazee wale mbele yake kama ngao.

Alijaribu kumwombea Asegelile. Alipofika kwenye jina, akakwama. Alilirudia jina peke yake, mara nyingine na mara nyingine, "Asegelile Mwandemele," na ukimya wa chumba ukamrudia. Ndipo alipofahamu kwamba alikuwa akifanya kile ambacho hakukifanya siku ile ya mfungo. Alikuwa akiita jina la mwenye jino, na mwenye jino hayupo kuitika.

Akainuka, magoti yakimuuma. Akachomeka flashi kwenye mashine. Safari hii aliisukuma mpaka ikasema "tik".

*

Baraza lilikaa nje ya ghala, kwenye nyasi zilizokuwa bado na umande. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Asegelile alikaa kwenye kiti cha mbao katikati, na mezani pembeni yake kulikuwa na koleo, pamba na bakuli la maji ya chumvi, ambavyo Tupokigwe mwenyewe alivileta kwenye mfuko wake.

Mwenyekiti alisimama, akaeleza shauri kwa kifupi, akamtaka fundi aape.

Tupokigwe hakuinua mkono. Aliufungua mfuko, akatoa kitu kidogo cheupe, akakishika kati ya vidole viwili. Alipita mbele ya watu wote mpaka kwenye kibao cha ukutani, akalibonyeza jino lile juu yake kwa kidole gumba. Kibao hakijui mdomo, kinajua umbo tu. Taa ikawaka kijani. Jina la Asegelile likatokea, na mlango wa ghala ukateleza pembeni.

Asegelile alikuwa amekaa kitini, mdomo wake umefungwa, na watu wote wanamwona.

"Nimelichonga juzi," Tupokigwe alisema. Sauti yake haikuwa ya kuongoza sala. "Lakini hili si pacha. Ni la tatu. La pili nililichonga kwa uzembe, nikaliweka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Mtu huyo hakuiba. Aling'ata ili apige hodi, kama ninyi nyote."

"Ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Sitamtaja. Kosa si lake."

Lakini Lugano alikuwa ameshasimama, khanga imeshuka mdomoni. Alisema kwamba ni yeye, na kwamba mlango ulipomfungukia alikimbia, na kukimbia ndilo kosa lake. Watu wakaanza kunong'ona, na Tupokigwe akasikia jinsi minong'ono ile ilivyoanza kumgeukia mwanamke huyo: kwa nini alinyamaza siku zote hizo wakati mtu wa watu anaaibishwa?

Lilikuwa limebaki jambo moja, na hilo ndilo alilokuwa ametumaini halitafikiwa. Kosa la mashine watu wangelisamehe kama wanavyosamehe mvua.

"Hakunyamaza," akasema. "Alikuja kwangu asubuhi ileile, akaniambia kila kitu. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nilimwambia tuombe kwanza."

Bibi Tusekile, yule mwenye meno mawili, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alimtazama fundi wake.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaomba Mungu asisikie?" akauliza.

Wengine wakacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Tupokigwe hakucheka wala hakuinamisha uso. Alitamani kuinamisha, lakini aliona kwamba hata hiyo ingekuwa namna ya kujificha.

"Ndiyo, bibi," akajibu. "Ndivyo nilivyokuwa nikiomba."

*

Hawakuichukua mashine. Mwenyekiti alisema kuwanyima wazee meno kwa ajili ya dhambi ya fundi ni kuwaadhibu wasiohusika. Jino la shahidi la Tupokigwe ndilo lililofutwa, mpaka migomba mipya itakapotoka kwenye chupa mpya. Tangu siku hiyo, akifika zahanati alisimama nje mpaka mtu amfungulie. Kwenye daraja la mto alisubiri pembeni ya kizuizi na kikapu chake, akiwatazama watu wakipita, na wengine walijifanya hawajamwona. Kina mama wa Jumatano hawakumfukuza. Walimpa tu nafasi ya kukaa nyuma, na yeye akaipokea. Huko nyuma aligundua kwamba anaweza kusikiliza.

Sharti la karakana lilikuwa moja. Mlango ukae wazi wakati wa kazi, na jina liitwe mtu wa nje asikie.

Kwa kuwa jino la Asegelile lilikuwa limeshakuwa na mapacha, ilibidi lichongwe jipya, lenye vilele vingine. Alikuja siku ya soko, wakati barazani pa karakana pamejaa watu. Hakumsalimia. Tangu baraza lile alikuwa hajazungumza naye. Ingawa watu walimrudishia heshima zake, wakimpisha tena kwenye mashine ya mahindi lakini sasa kwa adabu, mkewe ndiye aliyekuwa akilia kwa kujutia ukimya wake, na yeye ndiye aliyelazimika kumbembeleza. Alikaa kitini, akafungua mdomo, akakubali kamera, akaufunga.

Tupokigwe alichora akiwa anamwuliza kwa upole kila kitu: hapa panagusa, hapa je, kile kibonde cha nyuma tukiache au tukijaze? Alijibiwa kwa kichwa. Akanakili mchoro kwenye flashi. Akavuka chumba. Akaisukuma flashi mpaka mwisho, akasoma namba ya kipande mara mbili, akakifunga. Kisha akasimama mbele ya kioo kidogo cha mashine, mikono pembeni.

"Asegelile Mwandemele," akaita.

Kiti kilikuwa kimya. Nje, mazungumzo ya barazani yakapungua, yakaisha. Tupokigwe hakugeuka kumtazama. Aliona kitufe cha kuanza kikimwekamweka kwa subira yake ya kijinga, mashine isiyojua lolote, iliyo tayari kuchonga chochote kwa ajili ya yeyote. Angeweza kusimama hapo mpaka jua lizame, na angestahili.

"Sijasikia," Asegelile akasema nyuma yake. "Ita tena."

Akavuta pumzi. Safari hii aliita kwa sauti yake yote, jina lake na la baba yake na la babu yake, kama watu wa kule wanavyoitwa wakiwa wanapewa kitu chao, mpaka Bibi Tusekile barazani akageuza kichwa na wauza ndizi zilizonunuliwa mbali wakanyamaza upande wa pili wa barabara. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilitakiwa kubaki pembeni.

Kiti kikalia. Mtu mrefu alikuwa amejiinua kidogo, kama mtu anavyojiinua akiitwa kwa heshima.

"Ndimi," akasema.

Tupokigwe akabonyeza. Maji yakaanza kutiririka, na sindano mbili zikashuka juu ya udongo mweupe.